Kodi, Pango, Ushuru na Mbiru: Maneno ya Mapato ya Halmashauri

Tulikuwa Mhezi, katika milima ya Upare wa Kusini, wilayani Same, tukikusanya maneno ya Chasu yahusuyo mifereji na ndiva, yale mabwawa madogo ambamo Wapare huhifadhi maji ya kumwagilia mashamba, pale mzee mmoja alipotuletea shauri ambalo halikuhusu maji hata kidogo. Mzee huyo ana nyumba ya vyumba viwili huko chini, mjini Same, ambayo amempangisha mwalimu kijana kwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Ilipofika siku ya kulipa ya miezi 3, mwalimu alileta shilingi 115,500 badala ya 120,000. Alipoulizwa ziliko zile 4,500, alijibu kwa adabu zote: "Baba, nimeikata kodi kwa kuwa nimekulipia kodi."

"Sasa wanangu," mzee alituuliza, "ninyi ndio watu wa lugha. Kodi ya nyumba yangu anamlipa nani kama si mimi mwenyewe?" Alikuwa amekwisha kuazimia kumpeleka mwalimu mbele ya baraza la kata, na mwalimu kwa upande wake alikuwa ameanza kutafuta nyumba nyingine.

Tuliwasikiliza wote wawili kwa nyakati mbalimbali, na twaweza kusema bila wasiwasi kwamba hapakuwa na mdanganyifu kati yao. Mwalimu alisema Kiswahili sanifu, na mzee aliuliza kwa Kiswahili sanifu. Kilichowagombanisha ni neno moja linalobeba mizigo miwili. Kwa kuwa shauri la namna hii halipatikani Mhezi peke yake, tumeona yafaa tulieleze katika kurasa hizi, pamoja na maneno mengine ya ukoo huo, na namna fedha zenyewe zinavyohesabiwa na kutumiwa. Maana istilahi isiyoeleza jinsi jambo linavyotendeka ni ganda tupu.

Neno "kodi" katika Kiswahili humaanisha fedha anazodaiwa mtu na serikali kwa nguvu ya sheria. Papo hapo humaanisha malipo anayoyatoa mpangaji kwa mwenye nyumba kwa mapatano yao. Hizi ni dhana mbili zilizo mbali kabisa. Ya kwanza hailipwi kwa kubadilishana na kitu maalumu. Ya pili hulipwa kwa kubadilishana na chumba, na asiyetaka chumba halipi. Wenye kusema lugha wamekaa na maana hizi mbili kwa miaka mingi bila dhara kubwa, kwa sababu mazingira ya mazungumzo yaliwaonyesha ipi iliyokusudiwa. Dhara limetokea pale maana zote mbili zilipokutana chini ya paa moja, juu ya nyumba ile ile, na zikalipwa na mtu yule yule.

Jinsi zilivyokutana ni kama ifuatavyo. Kodi ya majengo ni ya mmiliki wa jengo. Ndivyo sheria isemavyo. Lakini tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukusanywa kwa njia ya mita ya umeme ya LUKU, na anayenunua umeme aghalabu ni mpangaji. Nyumba ya kawaida ilianza kukatwa shilingi 1,000 kila mwezi. Tangu Julai 2023 hukatwa shilingi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka, na kila sakafu ya ghorofa mijini hukatwa 7,500 kwa mwezi. Hivyo katika miezi 3 mwalimu wetu alikuwa amekatwa 4,500 ambazo kwa haki ni deni la mzee, naye alizirudisha kwa kuzipunguza katika malipo yake. Hesabu yake haikuwa na kosa. Lau angesema, "Baba, nimepunguza pango kwa kuwa nimekulipia kodi ya majengo," pasingekuwa na shauri.

Hapa tuseme jambo dogo la pembeni. LUKU ni kifupi cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na neno "kadiri" humo limewekwa mahali pake barabara: atumiaye kingi hulipa kingi. Kodi iliyopachikwa juu yake haina ukadiri wowote. Mwenye taa moja na mwenye mashine ya kusaga hukatwa sawasawa, alimradi nyumba zao ni za daraja moja. Hatusemi ni vibaya. Twasema tu kwamba jina la chombo na desturi ya kodi hiyo haviendi njia moja, na msikilizaji ana haki ya kushangaa.

Basi ushauri wetu wa kwanza ni mwepesi: malipo ya mpangaji yaitwe "pango", na neno "kodi" liachiwe serikali. Neno pango si geni. Limo katika "mpangaji", "kupanga" na "kupangisha", na wengi husema "kodi ya pango" wakidhani wamefafanua, kumbe wameongeza utata. Hebu msomaji afikiri juu ya zuio la asilimia 10 linalotozwa kwa malipo ya pango. Kwa mazoea ya sasa mtu hulazimika kusema "kodi ya zuio ya kodi ya pango", maneno ambayo hata mhasibu huyasoma mara mbili. "Zuio la kodi katika pango" yasomeka mara moja tu. Kuna pia "kodi ya pango la ardhi", ambayo mwenye kiwanja hulipa kwa serikali kwa kuwa ardhi ya Tanzania ni mali ya umma na yeye amepewa kuitumia. Hapo mambo yote mawili yamo kweli, kwa sababu serikali ndiyo mwenye mali na ndiyo mtoza. Kwa hiyo jina hilo tungeliacha lilivyo.

Tukija kwenye hesabu yenyewe, yatupasa kurudi nyuma kidogo. Serikali za mitaa zilivunjwa katika miaka ya mwanzo ya 1970, zikaanzishwa upya kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi mwaka 1984. Sheria ya mwaka 1983 ya utozaji kodi katika mamlaka za miji iliweka utaratibu ambao, kwa lugha, ni mzuri kuufundisha hata leo. Kwanza huja mthamini. Kazi yake ni uthamini, yaani kutafuta thamani ya jengo: lingeuzwa kwa kiasi gani, au kama soko halionyeshi, lingegharimu kiasi gani kulijenga upya, kisha apunguze kwa ajili ya uchakavu. Ardhi iliyo chini ya jengo haitiwi katika hesabu. Thamani huandikwa katika daftari la uthamini, ambalo mwenye jengo ana haki ya kulitazama na kulipinga. Baada ya hapo baraza la madiwani hutangaza kiwango, ambacho ni sehemu ndogo ya kila mia ya thamani. Tuchukue mfano tu: jengo la shilingi 20,000,000, na kiwango cha 0.15 kwa mia. Kodi ya mwaka ni shilingi 30,000.

Katika maelezo hayo mafupi yamo maneno manne ambayo watu huyachanganya, na si watu wa kawaida tu. Thamani si bei. Bei ni ile iliyotajwa na kulipwa sokoni, thamani ni maoni ya mtaalamu kuhusu bei ambayo ingeweza kulipwa. Kiwango si kodi. Kiwango ni uwiano, kodi ni fedha. Wenye kutafsiri kutoka Kiingereza hukwama hapa kwa sababu neno la Kiingereza ni moja kwa yote mawili, nao huandika "viwango vya halmashauri" wakikusudia kodi zenyewe. Tumewahi kuona tangazo lililowaamuru wananchi "kulipa viwango vyao". Kiwango hakilipwi, kama vile kibaba hakiliwi. Kinacholiwa ni unga uliopimwa kwacho.

Utaratibu huo wa uthamini ni wa haki kwa kuwa mwenye jumba hulipa kuliko mwenye kibanda, lakini una njaa kubwa: unadai wathamini wengi, na daftari lisilozeeka. Jirani zetu wa Nairobi, ambao hutoza kwa thamani ya kiwanja badala ya jengo, waliendelea kutumia daftari la mwaka 1980 kwa takribani miaka 40. Kwetu majengo mengi hayakupata kuthaminiwa hata mara moja. Ndiyo maana, ukusanyaji ulipohamishiwa Mamlaka ya Mapato kuanzia mwaka 2016, sheria ilianza kuweka kiasi maalumu kwa majengo yasiyothaminiwa, na hatimaye tukafika kwenye mita. Nyumba za udongo na za nyasi zimesamehewa, na vivyo hivyo nyumba anayokaa mzee aliyetimiza miaka 60. Mzee wetu aliposikia hivyo alifurahi kwa kitambo kidogo, mpaka tulipomweleza kwamba msamaha ni wa nyumba aikaayo Mhezi, siyo aliyoipangisha Same.

Tulitaka kuishia hapo, lakini alituzuia. "Mnasema kiasi kimoja kwa kila mtu, na kingine cha kukadiriwa," alisema. "Habari hiyo ya kukadiriwa sisi huku tunaijua." Kisha akataja neno ambalo kila Mpare wa umri wake analijua, nalo ni mbiru.

Mbiru ni neno la jadi la Kipare lililohusu kile ambacho watu walimtolea mtawala wao. Katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, baraza la watemi wa Upare, chini ya serikali ya Waingereza, liliamua kuanzisha kodi mpya ya kienyeji itakayotozwa kwa kadiri ya mali ya kila mtu, juu ya ile kodi ya kichwa iliyokuwa sawa kwa wote. Wakadiriaji walitumwa kupima mali za watu. Kodi hiyo ikapewa jina la mbiru, bila shaka kwa kutumaini kwamba neno la mababu lingeipa heshima ya mababu.

Haikuwa hivyo. Januari 1945 maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani na kukusanyika Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa hapo kwa kupokezana, wengine wakirudi kulima na wengine wakishika zamu. Hawakuwa wakikataa kodi kwa jumla. Walikuwa tayari hata kuongezewa kiasi, mradi kiwe kimoja na kijulikane. Walichokataa ni mbiru. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao waliinuka, wakamdai bwana wa wilaya awarudishie waume zao waliokaa Same, la sivyo awe yeye mume wao wote. Ilipofika mwaka 1947 mbiru ilikuwa imekwisha kufutwa, na nafasi yake ikachukuliwa na nyongeza iliyo sawa kwa kila mlipaji. Msomaji atakaye habari kamili atazipata katika kitabu alichokiandika Profesa Isaria Kimambo, mwenyewe mzaliwa wa Upare, kilichochapishwa mwaka 1971.

Wanahistoria huitazama mbiru kwa jicho la siasa, nao wana haki. Sisi wa istilahi twaona humo pia somo letu. Neno la kale lilichukuliwa na kuvikwa dhana mpya isiyolingana nalo. Mbiru ya zamani ilikuwa ndani ya uhusiano wa mtu na mtawala wake, ambaye aliyemtolea aliweza kumwona, na ambaye naye alikuwa na wajibu wake. Mbiru ya miaka ya 1940 ilikuwa hesabu ya mali iliyofanywa na mkadiriaji kwa kipimo ambacho mlipaji hakukiona. Waliochagua jina walidhani wamechukua heshima ya neno. Walichochukua ni ahadi yake, na watu wakadai ahadi itimizwe. Kuchimbua maneno ya kale kutoka lugha zetu ni kazi tunayoipenda na tutaiendeleza, lakini neno halichimbuliwi kama jiwe likatoka safi. Hutoka na udongo wake.

Uingereza ilipata kisa kinachofanana na hiki kwa kinyume. Huko, kodi za halmashauri kwa karne nyingi zilifuata thamani ya nyumba. Serikali ya Margaret Thatcher ilizifuta na kuweka kodi ya kichwa, iliyo sawa kwa kila mtu mzima katika halmashauri moja, ikianza Scotland mwaka 1989 na kuendelea England na Wales mwaka 1990. Watu wakaingia barabarani, na mwaka 1993 kodi hiyo iliondolewa, ikarudi inayofuata thamani ya nyumba kwa madaraja. Waingereza walikataa kilicho sawa wakataka kilichokadiriwa. Wapare walikataa kilichokadiriwa wakataka kilicho sawa. Mtu mwepesi wa kuhukumu angesema mmoja wao hakujua haki. Kwa maoni yetu kila mmoja alikuwa akiuliza swali lake: Mwingereza aliuliza, "Kwa nini maskini alipe sawa na tajiri?" na Mpare aliuliza, "Nani aliyenihesabu, na kwa kipimo gani?" Maswali yote mawili ni halali, na lugha ya kodi yapaswa kuweza kuyajibu yote mawili.

Kuhusu mizizi ya maneno, msomaji atakuwa amegundua kwamba "kadiri" inaturudia kila mahali. Mkadiriaji hukadiria mali. Halmashauri nayo kila mwaka hupitisha "makadirio ya mapato na matumizi", ambayo siku hizi huitwa zaidi bajeti. Katika mkutano mmoja wa kijiji tulisikia mtu akiuliza kwa hasira, "Makadirio yamepita lini, na mbona hakuna aliyekuja kutazama nyumba yangu?" Hakuwa mjinga. Ni sisi tulioacha neno moja lifanye kazi ya mthamini na kazi ya diwani. Twapendekeza "uthamini" ushike upande wa nyumba, na "makadirio" yabaki upande wa bajeti.

Na matumizi je? Hapa maelezo ni mafupi, kwa kuwa mambo yenyewe hayaonekani kwa urahisi. Kodi ya majengo iliyokatwa katika mita huingia kwanza serikali kuu, na halmashauri hupata fungu lake kwa njia ya bajeti. Halmashauri yenyewe hutegemea zaidi ushuru wa huduma, ambao ni sehemu ndogo ya mauzo ya mfanyabiashara. Ushuru wa mazao, ambao mwaka 2017 uliwekwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Pamoja na leseni, ada na tozo mbalimbali. Katika mapato hayo ya ndani, asilimia 10 hutengwa kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 ukarejeshwa mwaka 2024. Yaliyobaki hugawanywa kati ya uendeshaji na maendeleo, yaani posho za vikao, mafuta ya magari, madarasa, zahanati, barabara.

Neno "ushuru" lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ilikuwa sehemu ya kumi. Leo halina ukumi wowote, wala hatuoni haja ya kuurudisha. Lenye kutusumbua ni jina "ushuru wa mazao". Kwa sheria mlipaji ni mnunuzi, lakini jina halimtaji. Linataja mazao, na mwenye mazao ni mkulima. Mhezi tulikuta wakulima waliosadiki kwa moyo wote kwamba ni wao wanaodaiwa, na mnunuzi asiye mwaminifu ana faida gani ya kuwatoa katika imani hiyo? Huikata fedha kutoka bei ya gunia, na mkulima humshukuru kwa kumpunguzia safari. Kuliita "ushuru wa ununuzi wa mazao" kungeongeza neno moja tu.

Wapare wanalo neno jingine ambalo limekwisha kuvuka milima na kuingia katika Kiswahili cha wengi, nalo ni "msaragambo": kazi ya pamoja ambayo kila kaya hutoa nguvu zake. Asubuhi moja tuliwaona watu wakizibua mfereji wa ndiva kwa msaragambo. Huko kila mtu aliijua sehemu yake, aliona wa jirani yake kama imekamilika, na kabla ya jioni maji yalifika shambani. Kuna waliotuuliza kama msaragambo ungefaa kuwa jina la michango yote ya maendeleo inayokusanywa na serikali za mitaa. Tukakumbuka mbiru, tukasema hapana. Michango ya fedha iitwe michango, na msaragambo uachwe kwa wenye majembe.

Shauri la mzee lilimalizika siku ya tatu. Mwalimu alipanda Mhezi siku ya Jumamosi, akaamkia, akakaribishwa, na kwa ombi lao tukawaandikia stakabadhi. Iliandikwa hivi: "Pango la miezi 3, shilingi 120,000. Kodi ya majengo iliyolipwa na mpangaji kwa niaba ya mwenye nyumba, shilingi 4,500. Taslimu iliyopokelewa, shilingi 115,500." Mzee aliisoma taratibu, akauliza kwa nini serikali haiandiki hivyo kwenye ile karatasi ya umeme, akatia sahihi.

Limebaki neno moja ambalo hatujaridhika nalo. Thamani ya jengo ikishapunguzwa uchakavu, na kuondolewa kilichosamehewa, hubaki kiasi ambacho ndicho kinachopigwa kwa kiwango. Kiasi hicho hakina jina lililokubaliwa. Wengine huandika "thamani ya kodi", ambayo yaweza kueleweka kuwa ni kodi yenyewe. Wengine "thamani tozeka", ambayo ni fupi lakini inakwaruza sikio. Sisi tumekuwa tukitumia "thamani ya kutozwa" katika rasimu zetu, na maoni ya wasomaji, hasa wathamini na makarani wa mapato wanaolihitaji neno hilo kila siku, yatawekwa mbele ya kamati kabla ya uamuzi kutolewa.